Banda la Mdogo Wangu

Afisa wa majengo ya kale alikuja kukagua banda la ng'ombe, lakini kikombe cha tatu cha chai kilimkuta bado yuko sebuleni kwa Meneja.

Hiyo ndiyo ilikuwa hila yenyewe. Jina la Meneja lilimganda mzee huyu tangu aliposimamia ghala la mbolea, na alistaafu bila kulivua. Hati ya shamba ilikuwa kwa jina lake, na Jumatatu tingatinga lingekuja kubomoa banda la ng'ambo ya ua ili pajengwe maghorofa, maana jiji lilikuwa limeshafika kwenye uzio. Tatizo lilikuwa moja tu. Ndani ya banda hilo, chumba cha mwisho, aliishi mdogo wake wa kike pamoja na ng'ombe wake wanne. Badala ya kufunga virago, mama huyo alikuwa amekwenda kwa miguu mpaka ofisini kwa afisa huyo kuomba banda lisajiliwe. Likisajiliwa, halibomolewi. Lisiposajiliwa, yeye na ng'ombe wake hawana pa kwenda.

"Ongeza sukari, mwanangu," alisema Meneja. "Banda halikimbii."

"Asante, mzee. Nyumba yenu nzuri sana. Mliijenga wenyewe?"

"Thubutu! Marehemu baba alilinunua shamba likiwa mahame, wapangaji popo watupu. Akaliona jumba hili la mawe, akasema humu ndimo nitakamolala mimi. Kile kibanda akawapa ng'ombe. Alipofariki, mimi mkubwa nikachukua nyumba, mdogo wangu akachukua ng'ombe. Kila mtu na saizi yake."

Afisa aligusa zulia kwa ncha ya kiatu, akalikunja kidogo. "Na huu mfereji wa sakafuni?"

"Wa kufanyia usafi. Mwaga ndoo ya maji hapa, yanatoka yenyewe mpaka nje. Watu wa zamani walikuwa wasafi, si mchezo."

"Na hizi pete za chuma ukutani?"

"Za makoti. Mimi nina makoti matatu, pete ziko kumi na mbili. Hesabu mwenyewe wageni waliokuwa wakija hapa."

Afisa aliandika. Meneja, kwa kuona anaandikwa, alinogewa. Akamwonyesha na mlango uliokatwa katikati: nusu ya chini unaifunga, nusu ya juu unaegemea ukipiga soga na wapita njia. Akaegemea, kichwa nje, shingo imenyooka. Afisa alimwomba asitikisike, akampiga picha.

Hapo mdogo mtu akatokea uani na ndoo ya maziwa. "Kaka, mgeni wangu unamfuga humo?"

"Nampa heshima yake. Wewe ungemkalisha wapi, juu ya kinyesi?"

"Kinyesi changu nakizoa kila asubuhi. Chako umekitandikia zulia."

Afisa aliangua kicheko, akasimama. Ikabidi Meneja amfuate, maana aliona heri awepo akiliponda banda kuliko dada yake abaki peke yake akilisifu.

"Tazama paa lilivyolala," alianza kabla hawajafika. "Ukuta wa udongo. Chumba na chumba kama sanduku. Mtu wa maana anajenga hivi?"

Kwa kweli lilikuwa dogo, la kuinamia. Afisa alipita taratibu kati ya ng'ombe, akachuchumaa kwenye kona iliyojaa nyasi kavu, akapitisha kidole ukutani. Kilirudi cheusi kwa masizi.

"Hapo analala ndama," alisema mdogo mtu. "Ndipo pana joto. Sijui kwa nini, lakini tangu utoto wetu ndama wanalala hapo."

Afisa alirudi mlangoni, akalisogeza komeo huku na huku. "Komeo hili limewekwa upande wa ndani."

"Nimejiuliza miaka yote, mwanangu," alisema mdogo mtu. "Labda ng'ombe wa zamani walikuwa na haya."

Meneja alicheka mpaka akashika nguzo. Aliendelea kucheka hata afisa alipofunga daftari na kumgeukia dada yake kwa upole.

"Samahani, mama. Umenileta hapa nisajili mabanda. Hili siwezi kuliandika kwenye orodha ya mabanda."

Mama yule aliiweka ndoo chini. Alimshika ng'ombe wa karibu shingoni, kama mtu anayetafuta pa kujishikilia.

"Si nilisema?" Meneja alimpiga afisa begani. "Kazi imeisha. Twende tukamalizie chai."

"Bado kidogo, mzee." Afisa alijaza fomu juu ya goti, akachana nakala, akamnyooshea yule mama. Meneja aliidaka njiani. Tangu enzi za ghala alipenda kusoma maagizo kwa sauti, na safari hii alianza kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye maghorofa ya jirani, ingawa hakufika nayo mwisho:

"Majengo yote mawili yamesajiliwa; ni marufuku kuyabomoa. Jengo la kwanza: nyumba ya mwenye shamba. Kwa sasa wanaishi mama mmoja na ng'ombe wanne. Jengo la pili: banda la farasi, zuri kuliko yote yaliyobaki kandokando ya jiji. Kwa sasa anaishi mzee mmoja."