Jina la Tangi

Siku hizi nyumba huongea kwa majina yaleyale yaliyoandikwa ndani ya programu yake, na programu ni mali ya wote. Yeyote anaweza kuirekebisha, mradi aandike sababu.

Hii yetu aliiandika mume wangu, Shabiri. Tangi la maji alilipa jina la binti yetu tuliyemzika, Nargisi. Kila asubuhi maji yakifika juu, nyumba ilisema, "Nargisi ameshiba." Mimi nilikuwa naitikia, "Alhamdulillahi," ndipo nifunge bomba. Programu ilivyoenea, miji mizima ikawa inamtaja mwanangu bila kumjua.

Jana nyumba ikasema, "Tangi limejaa."

Nilifoka. "Ni hao hao wanaosafisha majina ya programu! Wanataka kila kitu kiitwe kwa kazi yake, basi. Baba Nargisi, waandikie walirudishe jina lake!"

Shabiri aliendelea kukoroga chai iliyokwisha kupoa.

"Ni mimi niliyelibadilisha," alisema. "Niliandika kwamba jina halielezi kazi."

"Wewe?"

"Mama Nargisi, mtoto alikufa akikataa hata uji. Halafu kila asubuhi naambiwa ameshiba."

Nilitoka kwenda kufunga bomba.

Leo nyumba imesema tena, "Tangi limejaa." Tulikuwa mezani. Nilifungua mdomo kuitikia, nikaufunga. Yeye aliinamia kikombe chake. Hakuna aliyeinuka, mpaka tukasikia maji yakimwagika uani.