Mzee Ngusa Achagua Kafi

"Haki ya Mungu vile, hii ni kweli tupu," mzee Ngusa aliapa kilabuni mwaka mzima. "Nilivuka mto Katuma, nimesimama kwenye mtumbwi, viboko wananipisha!"

Sasa mvua za El Nino zilikuwa zimebeba daraja, mwenye mtumbwi anatetemeka kwa malaria, na ng'ambo kuna mwanamke mwenye uchungu tangu jana. Mkunga alimfuata mzee, begi kichwani.

"Baba, chagua kafi tuondoke."

Makafi matatu yaliegemea ukuta wa nyumba ya mwenye mtumbwi, kando ya mto. La kwanza lilikuwa na ufa uliofungwa waya. La pili lilikuwa na matundu mawili ya meno ya kiboko. Mzee alitia kidole gumba katika moja, kikazama chote. Akakichomoa haraka.

La tatu lilikuwa laini, jepesi. Akalitupia begani kishujaa.

Mke wa mwenye mtumbwi alishika kiuno. "We mzee! Huo mwiko wangu wa kukorogea pombe!"

Watu waliokusanyika pale walicheka. Kisha kilio cha yule mwanamke kikafika kutoka ng'ambo, kimeanza kuishiwa nguvu.

"Nilivuka kiangazi, mwanangu," mzee alinong'ona. "Kwa miguu."

"Nilijua," mkunga alisema, ameshakaa mtumbwini. "Haya, nani mwingine atavuka?"

Watu waliangalia vidole vya miguu yao.

Ngusa akachukua lile lenye matundu, akausukuma mtumbwi. Mbele yao, maji yakaanza kutoa mapovu.