Lengo la Mama Zebedayo

Aminieli alilitazama neno ubaoni, akajikuna kidevu, akasoma kwa sauti kubwa: "Mahindi."

Neno lilikuwa "maharage".

Mwalimu Lugano alihisi masikio yakimwaka moto. Nyuma ya darasa, Bwana Melkizedeki, mratibu wa elimu ya watu wazima aliyepanda kutoka Same asubuhi ile kuja kuwapa mtihani, alikohoa tu. Akaitwa Dorkas. Dorkas akaganda mbele ya neno "mfereji", yeye ambaye kila wiki aligombania zamu ya mfereji na majirani. Mwisho akaitwa Mama Zebedayo. Alishika chaki kama anashika mpini wa jembe, akachora kitu ambacho hata yeye mwenyewe alikicheka.

Hakufaulu hata mmoja.

Na Lugano hakuwa mwalimu wa kubahatisha. Alitoka kwao Tukuyu, akaletwa Vudee kufuta ujinga, akakuta ameletewa vitabu vya kisomo vinavyofundisha kilimo cha pamba. Pamba, Vudee! Aliyevigawa hakuwahi kuipanda milima hii. Lugano aliviweka kando. Semina ya Moshi ilimfundisha kuanzia mwisho: amua kwanza mwanafunzi akihitimu aweze kufanya nini, tunga jaribio litakaloonyesha kwamba ameelewa, ndipo upange masomo. Basi siku ya kwanza alimuuliza kila mmoja anataka nini.

"Nisome mizani ya kahawa mwenyewe," alisema Aminieli. "Nimechoka kusomewa."

Dorkas alitaka kusoma kitabu cha nyimbo kanisani, aache kufuatisha midomo ya wenzake.

Mama Zebedayo alikuwa mjane, na Zebedayo wake alishukia mashamba ya mkonge akapotelea huko. Alifikiri kidogo. "Mimi nataka kuja tu, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Lugano naye akacheka. "Hilo si lengo, mama. Lengo ni kitu tunachoweza kukipima."

"Basi nichagulie wewe, mwanangu."

Akatunga masomo upya kwa maneno ya palepale: kahawa, makande, mfereji, na ndiva, lile bwawa lao la kukusanyia maji ya kumwagilia. Mwanzoni walikwenda mbio. Alasiri walitoka shambani wakajaa darasani kabla yake, maana Mpare ukimwita shule ni kama umemwita harusini. Kisha, karibu na Saba Saba, wote wakarudi nyuma kwa pamoja. Walichokijua jana, leo hawakijui.

Ilikuwa wiki ileile zilipofika habari kwamba darasa la kijiji cha jirani lilikuwa limefaulu lote, na mwalimu wao, Sylvester, amepelekwa Maore kuanzisha darasa jingine. Lugano alimwonea wivu Sylvester mpaka akajichukia.

Alibadilisha masomo, akabadilisha na majaribio. Aliwapeleka kwenye mizani, akawapeleka ndiva, wakaandika kwa vijiti udongoni. Haikusaidia kitu.

Jioni ndizo zilizomtesa zaidi. Watu walimwachia bakuli la makande mlangoni wakaenda zao. Alipowakuta njiani wamesimama pamoja, Kichasu chao kilikatika ghafla, wakageukia Kiswahili na kumuuliza habari za kazi. Aliamini wanamsema. Alikuwa mpweke, na hapakuwa na mtu wa kumwambia hivyo.

Sasa mratibu alipofunga mkoba wake, Lugano alimfuata nje.

"Niondoe hapa, mzee. Watu hawa si wajinga. Mjinga ni mimi."

"Usikate tamaa, kijana. Waliofeli hatuwaachi. Darasa litaendelea mwakani, na wewe pamoja nalo."

"Sitaweza. Wapeni mwalimu anayejua kufundisha."

Melkizedeki alimhurumia. "Haya. Lori la ushirika linashuka Same mchana huu. Pakia vitu vyako, nitajua la kusema ofisini."

Vitu vyenyewe vilikuwa sanduku la bati na godoro. Darasa zima lilisimama kando ya barabara, na hakuna aliyeanzisha wimbo. Mama Zebedayo alimshika mkono Lugano, akakataa kuuachia.

"Tumekukosea nini, mwanangu?"

"Hamjanikosea, mama. Mimi ndiye niliyeshindwa. Muda wote huu sijawafundisha hata neno moja."

Mama Zebedayo alifungua kinywa. Aminieli akamkanyaga mguu, akimwonyesha kwa jicho mratibu aliyekuwa karibu nao. Kinywa kikafungwa.

Lugano alipanda mbele, akabanana na Melkizedeki na dereva. Hakugeuka nyuma, asije akaonekana analia. Lori likaunguruma, likaanza kuteremka.

Nyuma ya lori palikuwa na maandishi meupe yaliyofifia kwa vumbi. Mama Zebedayo aliyafuata kwa macho, akayasoma yote bila kusita: "Marufuku kubeba abiria."

Aminieli alivua kofia. "Nilikwambia, Mama Zebedayo," alisema. "Nilikwambia angalau wawili wetu tufaulu."