Kuchi Achagua Tundu

Enzi zile mganga wa kuku alikuwa Korongo, paliishi jogoo wa kupigana aitwaye Kuchi, mwenye majigambo mengi kuliko manyoya. Mafua ya ndege yalipovuma, Korongo aliwaita kuku awajaribie chanjo mpya: kipande kidogo cha vinasaba vya virusi, ili mwili umjue adui kabla hajafika.

"Wa tundu moja nitawadunga chanjo, wa la pili maji matupu," alisema. "Lipi ni lipi, sisemi. Hivyo ndivyo tutakavyojua kama chanjo inafaa."

Kuchi akatazama. Tundu moja lilikuwa jipya, limetandikwa maranda. Jingine bovu, linavuja. Chanjo ya maana ipelekwe kwenye uchakavu ule? Akamsukuma nje Kishingo, jogoo mnyonge, akaingia kwenye jipya. Kishingo akaenda kwenye bovu.

Mafua yakaja. Wa tundu bovu waliendelea kuchakura. Kuchi alipiga chafya mpaka sauti ya kuwika ikamkauka.

Kuchi alipopata nafuu, Kishingo alimwendea. "Pole, kaka. Kumbe uligombania maji."

"Unishukuru," Kuchi akakoroma. "Nisingeugua mimi, nani angejua chanjo yenu inafanya kazi?"

Korongo, aliyekuwa akimpima, akakuna kichwa. Tangu amfahamu Kuchi, hayo yalikuwa majigambo yake ya kwanza ya kweli.