Mafuta ya Gobore

Nta iliyeyuka ndani ya mafuta ya kondoo, nami nikakoroga kama mikono si yangu. Jana tulimzika kitinda mimba wangu.

"Fanya haraka, mama," alisema kaka yake. "Bila mafuta, masizi ya baruti yataziba mtutu."

"Unakwenda kuwinda?"

"Kuwinda."

Mbwa wake alikuwa bado amefungwa.

"Kitendawili," nikamwambia.

Tangu utoto hajawahi kuacha kunijibu "tega". Sasa alikodolea macho nyumba ya jirani aliyemuua mdogo wake.

Nikalivuta gobore kutoka mapajani mwake, nikamimina sufuria nzima ndani ya mtutu, nta igande humo na kuuziba. Mafuta ya moto yakanichuruzikia vidoleni.

"Mama," akasema, akinishika mkono, "unaungua."