Nguchiro na Tundu la Darini

Zamani, enzi ambazo hata wanyama walikuwa wakiota moto wa uzazi, Nguchiro alijifungua mtoto wake wa kwanza, na hofu ikamwingia palepale: upepo utampiga, baridi itampata. Basi akaziba matundu yote ya shimo lake kwa udongo, akasogeza jiko la makaa kitandani, akamfunika mtoto gubigubi. Mtoto akakohoa, akalegea. Nguchiro akasema ni baridi hiyo, akaongeza makaa.

Jirani yake Mchwa, fundi wa kujenga vichuguu, akasikia kikohozi, akatoboa dari.

Nguchiro akang'aka, “Shoga, unataka kuniulia mtoto?”

“Hilo jiko lako ndilo linalomuua. Kwangu tumejaa maelfu na hakuna anayekohoa, maana nimeacha njia ya hewa mpaka juu.”

Nguchiro akaruka alizibe tundu kwa mkono, lakini akamwona mtoto ameligeuzia pua, anavuta hewa kama anayenyonya. Mkono ukamshuka. Akalitoa jiko nje mbio, akarudi akabomoa udongo wote.

“Na nyoka akiingia, shoga?”

“Wewe si nguchiro? Nyoka ndiye azibe kwake.”

Nguchiro akacheka mpaka mtoto, aliyekuwa amesinzia, akaamka, akalilia ziwa kwa sauti nzima.