Mkaa wa Maharage

Chupa ya mafuta ya kupikia ilikuwa imefungiwa kabatini, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa fundi seremala kama medali. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alifungua, akapima vijiko viwili, akafunga. Watoto wake watatu walimbandika jina la Bwana Punguza, ila si mbele yake.

Hakuwa mtu mbaya. Karakana alikofanya kazi ilikuwa imekosa wateja, mshahara umekatwa nusu, na ada ya binti yake mkubwa ilitakiwa ifikapo mwisho wa mwezi uliofuata. Isipopatikana, binti angebaki nyumbani. Yule mtoto alikuwa na kichwa chepesi, na baba yake alimpenda kupita kiasi. Wazo la kumwona akifagia ua wakati wenzake wako darasani lilimtia uchungu wa kweli.

Basi akakata. Alikata nyama, akakata sukari, akakata chai ya jioni, televisheni akaiuza. Ukutani jikoni akabandika karatasi yenye kichwa cha habari kikubwa: ANASA ZILIZOFUTWA. Vitunguu vilikuwa namba saba.

"Vitunguu navyo ni anasa?" mkewe aliuliza.

"Maharage yanaiva hata bila vitunguu, mama watoto. Tujifunge mkanda."

Mkewe akajifunga mkanda. Hakulalamika hata siku moja, na fundi alijisifu moyoni kwamba nyumba yenye kiongozi haiyumbi. Kitu kimoja tu kilimkera.

"Gunia hili nimelinunua juzi," alisema akichungulia mkaa. "Tunapika maharage tu. Limefikaje nusu?"

"Maharage ya siku hizi ni magumu, baba watoto."

Akauandika mkaa kwenye karatasi, na alama ya kuuliza mbele yake.

Saa saba mchana fundi alivua aproni, akakung'uta vumbi la mbao, akawaaga wenzake kwamba anakwenda kunyoosha miguu. Miguu ilinyooka mpaka nyuma ya gereji ya jirani, kwenye kibanda cha mama mmoja mnene aliyeuza chakula kutoka kwenye mahotipoti. Fundi alikaa kwenye kona, barabara akaipa mgongo.

"Kama jana?"

"Kama jana. Na nyama uongeze."

Wali ulikuwa mweupe, mchuzi mzito, na vitunguu vya humo havikuwa na namba. Alimaliza sahani ya kwanza bila kuinua uso, akaagiza ya pili. Alilipa kwa hela ya vipande vya mbao alivyouza pembeni, hela ambayo nyumbani hawakujua kama ipo. Mwanzoni alijiambia ni siku moja tu, mtu hawezi kusukuma randa kutwa nzima kwa nguvu za maharage. Sasa ilikuwa wiki ya tano. Kila alipofuta mdomo aibu ilimpanda mpaka masikioni, akaapa kwamba amekoma, na kesho yake saa saba miguu ikadai kunyooshwa tena.

"Kwani kwako hawapiki?" mama wa kibanda alimtania siku moja.

Fundi alitazama huku na huku. "Mke wangu," akasema kwa sauti ya chini, "hajui kupika."

"Ah! Pole sana, kaka yangu." Akammiminia mchuzi wa ziada, bure.

Jioni hiyo, mara tu alipoingia sebuleni, alisikia harufu ya vitunguu. Moyo ukamlipuka. Alikimbilia bafuni akanawa masharubu mara tatu kwa sabuni, ingawa sabuni ilikuwa namba kumi na moja.

Siku ya mwisho wa mwezi alirudi nyumbani akijikokota. Kubana kote kule hakukufikisha hata nusu ya ada. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia binti yake, na kila alipoyapanga yalivunjika.

Alimkuta binti anapiga pasi sare ya shule huku akiimba. Mezani palikuwa na risiti.

"Imelipwa?" Fundi aliishika kwa mikono miwili. "Yote?"

"Usinikasirikie," mkewe akasema. "Ule mkaa ni mimi. Wewe ukitoka asubuhi, mimi napika wali na nyama. Kuna mama huniletea vitu vyote, mkaa tu ndio wetu, halafu anakwenda kuuza kibandani kwake. Ananilipa kwa kila sahani inayotoka."

Fundi alitafuta kiti, akakaa.

"Wateja wengine ni wa kubahatisha," mkewe aliendelea. "Lakini yupo fundi mmoja, baba wa watu, wiki ya tano hii hajakosa hata siku moja. Sahani mbili, na nyama juu. Bila yeye ada hii isingetimia."

"Tunamwombea kila siku, baba," binti akasema.

"Tena namhurumia," mama yake akasema, akimsogezea mumewe sahani ya maharage. "Eti maskini mkewe hajui kupika."